Bunge lilipotaka kupigia kura hesabu za duara: sayansi ina kazi gani kwenye demokrasia?

Kibatari #1

Wakuu, habari za wakati huu.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka mezani mlichanechane. Naanza na kisa, maana bila kisa mtaona nahubiri.

Mwaka 1897, jimbo la Indiana, Marekani. Daktari mmoja, Edward Goodwin, mtu wa tiba na siyo wa hesabu, aliamini kagundua namna ya kugeuza duara kuwa mraba wenye eneo lile lile. Wanahisabati walikuwa wameshathibitisha miaka kumi na mitano nyuma kwamba kwa rula na bikari hilo halifanyiki. Yeye hakujali, akaandikiwa muswada. Ukizifuata hesabu zake, pai (ile namba tunayotafutia eneo la duara) inatoka 3.2 badala ya ile 3.14 na mkia wake tuliyoizoea. Na alikuwa mkarimu: jimbo lingeutumia ugunduzi huo bure mashuleni, wengine wote walipie.

Ukawa Muswada Namba 246. Ukapitia kamati ya mifereji, ukahamishiwa ya elimu, halafu Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 67 kwa 0. Sifuri! Ukaenda Seneti, huko ukapangiwa kamati ya kupambana na ulevi (sijui walikunywa nini kabla ya kupanga), nayo ikapendekeza upite.

Kilichouzuia ni bahati tu. Siku Baraza la Wawakilishi lilipoujadili, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Purdue, C. A. Waldo, alikuwa jengo hilohilo akifuatilia fungu la fedha la chama cha wanasayansi cha jimbo, hana habari na duara la mtu. Akasikia kinachojadiliwa, akabaki mdomo wazi. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba aliulizwa kama angependa kutambulishwa kwa daktari mgunduzi, akajibu asante, vichaa anaowafahamu tayari wanamtosha. Akawakalisha maseneta darasani, na tarehe 12 Februari wakauweka kando. Seneta mmoja alisema ni sawa na kutunga sheria maji yapande mlima.

Wengi wakisimulia hiki kisa hucheka wabunge. Mimi sicheki sana. Wale 67 hawakuwa wezi, na sidhani walikuwa wajinga kuliko mimi na wewe. Walipewa kitu wasichokijua na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuwaambia. Usalama wa hesabu za jimbo zima ukategemea mtu aliyekuja kuomba hela.

Sasa hoja yangu. Kura haina mamlaka juu ya duara, hilo kila mtu analikubali. Lakini na duara nalo halina mamlaka juu ya kura. Sayansi inaweza kukuambia mto ukizibwa hapa maji yatafika wapi, kwa kina gani, na ndani ya miezi mingapi. Haiwezi kukuambia kijiji cha nani kizame. Hilo la pili ni letu, na mtaalamu akilijibu kwa niaba yetu kwa sauti ileile aliyotumia kujibu la kwanza, ametuibia kitu.

Halafu kuna kazi ya tatu ambayo haizungumzwi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: sayansi ni kipimo kisicho na mwenyewe. Mnyonge akikishika kinasoma kilekile anachosoma mkubwa. Karibuni.

Mwanakwetu #2

Naweka kambi hapa.

Msema Hovyo #3

Mkuu Kibatari mbona unazunguka mbuyu? Sema tu unataka wasomi watutawale tukuelewe. Kila mtu mwenye shahada siku hizi anataka akae karibu na rais amnong'oneze. Sisi tulichagua rais, hatukumchagua profesa.

Mzee wa Hoja #4

Kijana wangu Kibatari, umeandika vizuri, lakini umetuletea kisa ambacho mtaalamu ndiye shujaa. Ngoja nikuletee kingine.

Mwaka 1932, idara ya afya ya umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi wa kaunti ya Macon, Alabama, utafiti maarufu kwa jina la Tuskegee. Wanaume 399 walikuwa na kaswende, wengine 201 hawakuwa nayo, walikuwa wa kulinganishia. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Hawakuwa wakitibiwa. Walikuwa wakitazamwa ugonjwa unavyowala. Kufika 1947 penisilini ilikuwa ndiyo tiba ya kawaida ya kaswende, na hawakupewa. Mchezo ukaendelea mpaka 1972. Piga hesabu mwenyewe, miaka arobaini.

Na hii ndiyo sehemu inayoniuma. Mwaka 1969 lilikaa jopo la wataalamu, madaktari watupu, kuamua kama utafiti uendelee au ukome. Wakaamua uendelee. Hawakuwa wahuni. Walikuwa na takwimu, walikuwa na vyeo, walikuwa na majedwali yao yamepangika vizuri.

Nani alikomesha? Aliyekuwa mfanyakazi wa idara hiyohiyo, Peter Buxtun, aliyelalamika ndani kwa miaka bila kusikilizwa, mwishoni akampa habari mwandishi. Julai 1972 ikatoka magazetini. Miezi michache baadaye kwisha.

Kwa hiyo usiniambie sayansi ni mlinzi wa demokrasia. Pale gazeti ndilo lililowalinda watu dhidi ya sayansi. Na sijagusa ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1927, majaji wanane kwa mmoja, iliyoruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi Carrie Buck kwa sababu wasomi wa wakati huo walisema akili duni hurithiwa.

Kibatari #5

Mzee wangu, shikamoo. Umenigonga pazuri na sitajifanya sikuumia.

Nakubali yote isipokuwa neno moja. Unasema gazeti liliwalinda watu dhidi ya sayansi. Mimi nasema liliwalinda dhidi ya watu waliokifungia kipimo kabatini. Ule utafiti haukuwa siri kabisa, ripoti zake zilitoka kwenye majarida ya tiba kwa miaka. Madaktari walisoma. Waliokuwa hawajui ni wale 600. Kipimo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yule aliyekuwa akipimwa.

Ila nakupa haki yako: nilipoandika "kipimo kisicho na mwenyewe" niliandika kama vile kimezaliwa hivyo. Hakijazaliwa hivyo. Lazima mtu akipokonye.

@Msema Hovyo, sijasema profesa atawale. Soma tena habari ya kijiji na mto.

Binti Maabara #6

Samahani nachelewa, nilikuwa zamu.

Nimefanya kazi ya kupima maji miaka kadhaa, na kuna kitu watu walio nje ya maabara hawakijui. Uongo wa kisayansi mara nyingi hausemwi na mtu yeyote. Mahali nilipokuwa (sipataji), fomu ya majibu ilikuwa inapanda kwa mkubwa kabla ya kutoka. Namba ikiwa juu, fomu inarudi imezungushiwa duara la penseli na neno moja pembeni: "rudia". Narudia. Inakuja ileile. Inarudi tena: "rudia". Mara ya nne labda inashuka kidogo, maana kila kipimo kina kupanda na kushuka kwake. Hiyo ya nne ndiyo inatoka.

Hakuna aliyeniambia nidanganye hata siku moja. Na kurudia kipimo ni jambo zuri, ndiyo tunavyofundishwa. Ila katika muda wote ule sijawahi kuona fomu yenye namba nzuri ikirudi na "rudia". Nzuri zilipita mara ya kwanza.

Sasa twende Flint, Michigan, maana nadhani ndiyo mfano mnaoutafuta wote wawili. Aprili 2014 mji ulibadilishiwa chanzo cha maji, ukaacha maji ya Detroit ukaanza kuchota Mto Flint, kubana matumizi. Maji ya mto yalikuwa yanakula chuma, na hawakuweka dawa ya kuzuia kutu. Mabomba ya zamani yakaanza kutoa madini ya risasi ndani ya maji ya kunywa. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kikaomba kuachana na maji hayo kwa sababu yalikuwa yanaharibu vyuma. Kikaruhusiwa. Injini zikapona, watoto wakaendelea kunywa.

Angalieni upande wa kura. Mji ulikuwa na meya na madiwani, lakini madaraka yao alikuwa nayo msimamizi wa dharura aliyewekwa na gavana. Machi 2015 madiwani walipiga kura 7 kwa 1 warudi kwenye maji ya Detroit. Msimamizi akakataa. Kibatari umetuletea kura 67 zilizojaribu kuamua kitu kisichoamuliwa kwa kura. Hapa kuna kura 7 zilizojaribu kuamua kitu ambacho ni chao kabisa, wakanyimwa.

Na angalieni upande wa kipimo. Wakazi waliokuwa wanachukua sampuli walielekezwa waache bomba litiririke kwanza, kisha maji yalale, ndipo wajaze chupa. Ukisikia hivi unaona usafi. Kumbe ukitiririsha maji kabla, unazisukuma nje zile chembe za risasi ambazo ndizo ulikuja kuzitafuta. Halafu zilipofika sampuli za kutosha, mbili zilizokuwa juu zikaondolewa kwenye hesabu kwa sababu za kiufundi. Hesabu ikashuka chini ya kiwango cha hatua, yaani kile kikivukwa lazima hatua zichukuliwe, ambacho kule wakati huo kilikuwa mikrogramu 15 kwa lita. Moja ya zile mbili ilitoka nyumba ya mama mmoja mwenye watoto wadogo, bomba lake limeshasoma 397.

Mama huyo hakukaa kimya. Akampata Marc Edwards, mhandisi wa chuo kikuu cha Virginia Tech. Timu yake ikatuma vifurushi 300 vya chupa, wakazi wakajaza wenyewe majumbani mwao, zaidi ya 250 vikarudi. Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akafungua majalada ya damu ya watoto hospitalini kwake, akalinganisha kabla na baada. Septemba 2015 akatangaza. Jimbo likasema anatia watu hofu. Siku chache baadaye likakubali. Oktoba wakarudishiwa maji ya Detroit.

Wasimamizi walikuwa na maabara na watu wenye vyeti. Mama alikuwa na chupa. Ilitosha.

Mwanakwetu #7

Dada umeua. Hapo kwenye "rudia" nimesimama kidogo, ofisini kwetu ni ripoti za fedha lakini penseli ni ileile.

Msema Hovyo #8

Haya, dada Binti nimekusoma na sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na hawa wanaotaka tuamini kila kinachotoka kwenye jarida. Leo wanasema hili, kesho lile. Mtu wa kawaida ashike lipi?

Halafu msidharau akili ya umati. Kuna yule Mwingereza Francis Galton, 1906, alikwenda maonyesho ya mifugo Plymouth. Watu walikuwa wanabahatisha uzito wa nyama ya ng'ombe baada ya kuchinjwa. Akachukua tiketi 787 akazipanga kuanzia ya chini mpaka ya juu. Ile ya katikati ilisema ratili 1,207. Ng'ombe alipopimwa: 1,198. Wamekosea chini ya asilimia moja! Wachinjaji, wakulima, makarani, wapita njia. Hiyo ndiyo kura, wakuu. Na Galton mwenyewe hakuwa shabiki wa watu wa kawaida.

Kibatari #9

Leo Msema Hovyo umesema vizuri mpaka nataka nikubadilishie jina.

Mfano wako naupenda, ila umeruka sehemu mbili. Kwanza, wale watu 787 kila mmoja alimtazama ng'ombe kwa macho yake, akaandika peke yake, akalipa peni sita na akataka zawadi. Hakuna aliyesimama jukwaani kuwaambia "ng'ombe huyu ana ratili elfu tatu na anayebisha ni msaliti". Ungeleta huyo mtu na kipaza sauti, zile tiketi zingekwenda upande mmoja zote.

Pili, na hili ndilo langu: umejuaje kwamba walipatia? Kwa sababu mwishoni alikuwepo mtu mwenye mizani. Bila mizani ungekuwa na tiketi 787 na mabishano.

Sasa fikiria nchi ambayo mizani hairuhusiwi. Januari 1937 Umoja wa Kisovieti ulihesabu watu wake. Stalin alishatangaza miaka mitatu nyuma kwamba wako milioni 168 na wanaongezeka. Mahesabu ya mipango yote yamejengwa juu ya namba za namna hiyo. Makarani wakapita nyumba kwa nyumba, wakarudi na milioni 162. Waliokosekana walikuwa wamekufa, wengi kwa njaa ya 1932 na 1933, na wengine hawakuzaliwa. Kulikuwa pia na swali la dini, na zaidi ya nusu ya watu wazima walijibu kwamba wanaamini Mungu, baada ya miaka ishirini ya kuambiwa hayupo.

Sensa ikafutwa. Wakuu wa takwimu wakakamatwa, Olimpiy Kvitkin aliyesimamia zoezi akapigwa risasi mwaka huohuo. Mwaka 1939 ikafanyika nyingine, ikaleta milioni 170. Wewe ungekuwa karani wa 1939 ungeleta ngapi?

Ndiyo maana lile swali lako la "leo hili kesho lile" mimi halinisumbui. Sensa ya 1939 haikubadilika. Ilitulia vizuri kabisa. Mahali ambapo namba hazibadiliki kamwe, mimi naulizia waliozileta wako wapi.

Ngalawa Pweke #10

Wakuu mmezungumza Marekani na Urusi mpaka mmesahau bara letu. Afrika Kusini, miaka ya mwanzo ya 2000.

Rais Thabo Mbeki alianza kutilia shaka kama VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI. Na hakuwa dikteta, mkumbuke. Alichaguliwa kwa kura halali na nyingi. Julai 2000 wanasayansi zaidi ya 5,000 walitia saini tamko la Durban kusema ushahidi uko wazi. Haikusaidia sana. Saini 5,000 za wasomi kwa mwanasiasa aliyejifungia ni karatasi.

Kilichosaidia ni nevirapini, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto VVU. Kidonge kimoja kwa mama uchungu unapoanza, matone kwa mtoto ndani ya siku tatu. Utafiti uliofanyika Kampala na kutangazwa 1999 ulionyesha inapunguza maambukizi kwa mtoto karibu nusu. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa tayari kuitoa bure kwa miaka mitano. Serikali ikasema itatolewa kwenye vituo viwili tu kila mkoa, vya majaribio. Mama akijifungua nje ya vituo hivyo, basi.

Kikundi cha wananchi wanaopigania matibabu ya UKIMWI kinachoitwa TAC, kilichoanzishwa Desemba 1998, kikaenda mahakamani. Nataka mwone walivyofanya kabla ya mahakama. Walifundishana. Wanachama, wengi wao wanawake ambao hawakufika mbali shuleni, walijifunza virusi vinaingiaje kwenye chembe, dawa inazuia wapi, seli za CD4 ni nini. Mtu anakwenda kliniki na anajua maswali ya kuuliza. Hapo ndipo ile "kipimo kisicho na mwenyewe" ya Kibatari inakuwa na miguu.

Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru serikali iondoe ule mpaka. Majaji hawakujifanya madaktari. Ushahidi wa kitaalamu uliwaambia dawa inafanya kazi na ni salama kutumika. Katiba ikawaambia mama na mtoto wana haki ya kupata huduma ya afya. Wangekosa kimoja wasingefika.

Baadaye, 2008, watafiti wa Harvard walikadiria kwamba kuchelewesha dawa kati ya 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Kuchaguliwa kihalali hakukumzuia mtu kukosea kwa kiasi hicho.

Mzee wa Hoja #11

Ngalawa, hii ya kufundishana imenibadilisha kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba raia wa kawaida ana njia mbili tu, kumwamini mtaalamu kama anavyomwamini shehe au padri, au kumkataa. Nilikuwa nimesahau njia ya tatu, akae chini ajifunze lile moja linalomhusu. Hahitaji kujua fizikia yote. Mama wa Flint hakuwa mkemia. Alijua maji ya nyumba yake.

Ila nina swali la ubishi kwa Kibatari. Ofisi za takwimu, maabara za serikali, hospitali za umma, zote zinalipwa na huyohuyo mkubwa unayetaka apimwe. Anayekulipa mshahara ndiye anayekuletea penseli. Utafanyaje?

Kibatari #12

Mzee, hilo ndilo swali, mengine yote tulikuwa tunaota moto.

Jibu kamili sina. Nina mambo madogo yanayofanya kazi. Uingereza, kwa mfano, kulikuwa na utaratibu wa mawaziri na wapambe wao kupewa takwimu za ofisi ya taifa kabla ya umma kuziona. Julai 2017 ofisi hiyo ikauondoa kwa takwimu zake. Waziri anaisoma saa ileile unayoisoma wewe. Ni saa zisizozidi ishirini na nne za tofauti, lakini penseli inahitaji saa chache tu.

Kinyume chake kitazame Ugiriki. Andreas Georgiou aliongoza ofisi ya takwimu kuanzia 2010 mpaka 2015. Alikuta namba za nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanayozidi mapato, zimepakwa rangi kwa miaka na waliomtangulia, akahesabu upya ile ya 2009, akatoa asilimia 15.4 ya pato la taifa. Ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya ikazikubali hesabu zake mara nyingi tu. Nyumbani akafunguliwa mashtaka. Waliotoa namba za uongo hawakuguswa, aliyetoa ya kweli akaitwa msaliti.

Mashtaka yalikuwa mengi, mengine yakafutwa na kufufuliwa mara kadhaa. Lakini lile lililomtia hatiani 2017, kifungo cha miaka miwili cha nje, hebu lisomeni taratibu: alitangaza namba bila kuipeleka kwanza bodi iipigie kura.

Ipigie kura! Nakisi! Miaka 120 baada ya Indiana tumerudi kulekule kwenye duara, safari hii hakuna profesa aliyepita kwa bahati, profesa ndiye yuko kizimbani.

Msema Hovyo #13

Duh. Hii sikuijua. Kwa hiyo wajumbe wa bodi wangenyoosha mikono wangapi wanataka 15 na wangapi wanataka 12?

Kibatari #14

Ndiyo maana yake. Na kanuni za takwimu za Ulaya zinasema wazi kwamba mkuu wa ofisi ndiye mwenye uamuzi wa mwisho juu ya namba, siyo bodi wala waziri. Alihukumiwa kwa kufuata kanuni.

Mzee wa Hoja #15

Nirudi kwenye Tuskegee nimalize deni langu. Lile jopo la 1969 nalo lilikuwa na kura. Walipiga kura kuhusu kama watu watibiwe au wasitibiwe, na hakuna hata mmoja wa wale watu aliyekuwa chumbani. Wagiriki wanataka kupigia kura namba, wale walipiga kura juu ya miili ya watu wengine. Kibatari, nadhani mpaka wako wa kijiji na mto unasimama, ila ongeza kwamba wanakijiji wawe kwenye hicho chumba.

Kibatari #16

Naongeza, Mzee. Ningeweza kuhariri bandiko la kwanza lakini nitaliacha lilivyo watu waone nilipokosea.

Msema Hovyo #17

Mimi nina swali la mtu wa kawaida kwa dada Binti. Nyumba ninayokaa ina mabomba ya zamani. Nikitaka kupima hiyo risasi nisidanganywe, nafanyaje? Maana hapa tumeongea falsafa siku mbili na bado nakunywa maji.

Binti Maabara #18

Kaka, swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Tafuta chupa ya lita moja yenye mdomo mpana, maabara wakupe ya kwao iliyosafishwa. Usiku maji yalale kwenye bomba, saa sita au zaidi, hakuna mtu kufungua wala kuvuta choo. Asubuhi, kabla ya yeyote kugusa maji, weka chupa chini ya bomba la jikoni, lile la maji baridi mnalochota ya kunywa, fungua kama unavyofungua siku zote na ujaze. Yale ya kwanza kabisa ndiyo unayoyataka. Usitiririshe kwanza, na usitoe kile kichujio kidogo cha mdomo wa bomba, chembe hukaa humo. Andika saa uliyojaza.

Mtu akikuambia "acha yatiririke dakika tano yawe safi", mshukuru, halafu jaza chupa ya pili hivyo anavyotaka, uandike kwenye kila moja ilivyojazwa. Zipeleke zote mbili.

Msema Hovyo #19

Nimeandika. Na zikirudi na "rudia"?

Binti Maabara #20

Mwambie arudie na ile nzuri.